Jina Halipigwi, Hupigwa Nyuzi

Miongoni mwa wapiga magitaa wetu, vijana kwa wazee, imejengeka imani kwamba sauti nzuri ya gitaa la umeme hukaa mahali pawili: katika jina lililoandikwa kichwani pake, na katika aina ya mti uliochongewa mwili wake. Asiye na jina hilo wala mti huo huambiwa asubiri mpaka Mungu amjalie. Nataka kuipinga imani hiyo hapa bila kumung'unya maneno. Inawamalizia vijana fedha, inawanyima maseremala wetu kazi wanayoiweza, inasaidia kuitafuna misitu ambayo haitaota tena katika umri wetu, na juu ya yote hayo, si ya kweli.

Msomaji ana haki ya kujua anazungumza na nani. Mimi ni mpigaji wa ridhaa. Mchana nina kazi nyingine ya kunipatia ugali. Jioni hushika gitaa, na Jumapili hushika randa na patasi. Kwa muda wa miaka mingi nimetengeneza magitaa saba ya umeme kwa mikono yangu, mengine kwa mninga, mengine kwa paina iliyokuwa ubavu wa kitanda. Nimelinganisha pia magitaa mengi ya marafiki, yenye majina makubwa na yasiyo na jina kabisa. Sina duka, wala sina gitaa la kumuuzia mtu. Ninachosema nakisema kwa kuwa nimechoka kukiona kijana mwenye vidole vya dhahabu akikaa miaka mitatu bila chombo, eti anakusanya fedha za jina.

Tuanze na chombo chenyewe, maana ubishi mwingi huzaliwa na kutojua kinachobishaniwa. Gitaa kavu lina tumbo wazi lenye tundu. Uzi ukipigwa, ubao wa juu hutikisika, ubao hutikisa hewa, na hewa hiyo ndiyo tunayoisikia. Hapo mbao ni sehemu ya sauti yenyewe, na fundi wa gitaa kavu ana sababu ya kuugonga ubao kwa kidole na kuusikiliza kabla hajaukata. Gitaa la umeme lenye mwili mgumu halina tumbo. Ni ubao mzima, mnene kama kizingiti cha mlango, uliofungwa shingo. Chini ya nyuzi kuna kitu ambacho wapigaji hukiita pikapu, nami sizungumzii gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara 7,000, mara 8,000, au zaidi. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Kanuni yake ni ile ile aliyoionyesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Umeme huo hupita kwenye vinobu, ukaenda hadi kwenye amplifaya, na spika ndiyo inayoitikisa hewa mwishoni.

Sasa tazama vizuri, ndugu msomaji. Pikapu haina sikio. Haijui mninga wala mvule. Inachokitambua ni chuma kinachotikisika juu yake. Ubao unaweza kuuathiri mtikisiko wa uzi kwa kiasi fulani, nami nitalirudia jambo hilo kwa haki yake; lakini ubao wenyewe hauimbi. Anayesema kwamba gitaa lake la umeme "linaimba kwa sababu ya mti" anachukua kanuni ya gitaa kavu na kuivika chombo ambacho haikushonewa.

Waanzilishi wa chombo hiki hawakuwa na imani hiyo. Gitaa la umeme la kampuni ya Rickenbacker, lililoanza kuuzwa mwaka 1932 huko California, la kulazwa mapajani, lilikuwa la aluminiamu iliyotupwa kwenye kalibu, na watu walilipa jina la utani la kikaango. Mnamo mwaka 1940 hivi, mpigaji Les Paul alichukua nguzo ya paina yenye unene wa inchi 4 kwa 4, akaifunga shingo, nyuzi na pikapu, akaiita Gogo. Kwa maelezo yake mwenyewe, wasikilizaji hawakuchangamka mpaka alipoipachika pembeni vipande viwili vya gitaa la kawaida ili ifanane na gitaa. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni umbo. Watu walikuwa wakisikiliza kwa macho, na mpaka leo hatujaacha.

Leo Fender, ambaye jina lake ndilo linalotolewa jasho kuliko mengi, alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, na hakujua kupiga gitaa. Gitaa lake la majaribio la mwaka 1949 lilikuwa na mwili wa paina. Alipoanza kuuza mwaka 1950 akaingia kwenye mti uitwao eshi, na kuanzia mwaka 1956 akatumia zaidi mti wa alda, kwa kuwa ulikuwa rahisi kupakwa rangi na kung'arishwa. Hayo yalikuwa mahesabu ya karakana: kinachopatikana, kinachokatika vizuri, kinachokubali rangi. Leo mahesabu hayo yamegeuzwa kuwa maandiko matakatifu, na watu wazima wanagombana kama eshi inalia "kwa ukali" na alda "kwa utamu".

Wengine hawakutumia hata mbao za maana. Kampuni ya Danelectro katika miaka ya 1950 ilitengeneza magitaa kwa hadibodi, ile ile tunayoipigilia darini. Mwaka 1969 Dan Armstrong alitengeneza gitaa la plastiki angavu, unaloweza kuona upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ned Steinberger alileta magitaa ya nyuzinyuzi za kaboni yasiyo na kichwa. Yote yalipigwa na wanamuziki wakubwa, yakarekodiwa, na wasikilizaji wakacheza bila kuuliza yametoka msitu gani.

Mfano unaotugusa kwa karibu zaidi ni wa Brian May, mpigaji wa kundi la Queen, lile la Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Mwaka 1963 May alikuwa kijana wa shule asiyeweza kununua gitaa la Marekani. Yeye na baba yake, mhandisi wa elektroniki, wakaamua kulitengeneza nyumbani. Shingo ilitoka kwenye ubao wa jiko la kuotea moto lililokuwa limetupwa. Springi za mtikiso zilitoka kwenye pikipiki kuukuu. Alama za freti zilikuwa vifungo vya chaza kutoka kisanduku cha mama yake, na ncha ya mkono wa mtikiso ilikuwa sindano ya kufumia. Gitaa hilo ndilo linalosikika katika nyimbo za Queen zilizozunguka dunia, na ndilo alilopiga juu ya paa la ikulu ya Malkia wa Uingereza mwezi wa Juni 2002. Laiti angesubiri jina, tungekuwa hatumjui.

Najua nitaambiwa: hiyo ni mifano ya watu wenye vipaji, sikio linasema vingine. Basi tuliulize sikio lenyewe, ila tulifumbe macho kwanza. Mwaka 2010, katika mji wa Indianapolis, wapiga fidla 21 walipewa fidla sita wazipige wakiwa wamevaa miwani meusi: tatu mpya, tatu za kale za Kiitalia, mbili kati ya hizo za Stradivari. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa mojawapo ya zile za Stradivari. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster uliochapishwa mwaka 2018, wapigaji 52 walijaribu magitaa makavu sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na ubavu, mingine ikiwa ya bei ya kutisha na mingine ya kawaida. Walipozuiwa kuona, alama walizotoa zilikaribiana sana, na walishindwa kuyatofautisha kwa uhakika. Na hayo yalikuwa magitaa makavu, ambayo mbao zina haki ya kusema neno!

Kwa upande wa gitaa la umeme, mwaka 2021 mpigaji Jim Lill wa Nashville alikwenda mbali zaidi. Alizitandika nyuzi kati ya meza mbili za karakana, katikati pakiwa hewa tupu, akaweka pikapu ile ile kwa umbali na kimo kile kile, akarekodi. Hapakuwa na mwili wala shingo. Sauti ilikaribiana mno na ile ya gitaa lake la thamani alilolichukua kuwa kipimo. Si utafiti wa chuo, bali ni jaribio ambalo mtu yeyote mwenye meza mbili anaweza kulirudia. Wauza majina hawajawahi kutupa jaribio la namna hiyo. Hutupa picha na sifa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami huona majina haya yanatembezwa sana.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, maana kubisha bila kusikiliza ni kelele. Husema kwamba gitaa la bei kubwa huwa zuri mkononi na sauti yake hudumu. Mara nyingi ni kweli. Lakini fungua uone kwa nini. Freti zake zimesawazishwa kwa tupa mpaka hakuna unaogusa uzi pasipotakiwa. Mifereji ya nyuzi pale juu ya shingo imekatwa kwa kina sahihi. Vigingi vinashika, vinobu havikwaruzi, shingo imenyooka. Hiyo ni kazi ya mkono na muda, na kazi hiyo inastahili kulipwa. Lakini ni kazi, wala si mti, wala si jina. Fundi yeyote aliye makini anaweza kuifanya, na kiwanda chochote chenye jina kinaweza siku moja kuiacha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Husema pia kwamba ubao hunyonya nguvu ya uzi. Na hilo ni kweli, kwa kipimo. Kuna sauti ambazo katika gitaa fulani hufa haraka kuliko nyingine, kwa sababu shingo hutikisika pamoja nazo na kuzila. Lakini jambo hilo hutokana na ugumu na uzito wa kipande kile kile kilichomo mkononi mwako. Mbao mbili za mti mmoja, hata za gogo moja, hutofautiana. Kwa hiyo kumwambia mtu "nunua la mti fulani" hakumsaidii lolote. Mwambie apige kila freti, uzi kwa uzi, asikilize ni wapi panapokufa.

Na husema kwamba mkono unahisi. Hapo sina ubishi. Uzito, unene wa shingo, mizani ya chombo begani, hayo yote mpigaji anayahisi na yanabadili jinsi anavyopiga. Ni sababu nzuri ya kulipenda gitaa. Ninachoomba ni kuita kitu kwa jina lake: sema "linanikaa vizuri", usiseme "mti wake unalia".

Kwa kuwa nimewalaumu wanaolinganisha vibaya, yanipasa nieleze kulinganisha vizuri. Watu huchukua gitaa la aina ya Fender na la aina ya Gibson, wakayapiga moja baada ya jingine, kisha wakatangaza kwamba tofauti imeletwa na mti. Lakini la kwanza lina nyuzi zenye urefu wa milimita 648 na kwa kawaida pikapu ya koili moja. La pili lina urefu wa takriban milimita 628 na kwa kawaida pikapu ya koili mbili, ile iliyobuniwa na Seth Lover mwaka 1955 ili kuua mngurumo wa umeme. Vinobu vyake pia ni tofauti: ohmu 250,000 kwa la kwanza, 500,000 kwa la pili. Huko ni kulinganisha embe na papai, kisha kusifia udongo.

Anayetaka ukweli na afanye hivi. Avalishe magitaa yote mawili nyuzi mpya za aina moja na unene mmoja. Apime kwa rula umbali wa pikapu na nyuzi, uwe sawa. Atumie waya mmoja na amplifaya moja, vinobu visiguswe. Kisha msikilizaji ageuze mgongo, na anayepiga arushe sarafu kuamua ashike lipi, mara 10. Kila mara msikilizaji aseme ni lipi. Akipata 5 au 6, amebahatisha. Akipata 9 au 10, nitamvulia kofia, kwa maana kufikia hapo kwa bahati tupu hutokea takriban mara moja katika mia. Nimewaomba wengi wa wale wanaojua "utamu wa mti" wakae kwenye kiti hicho. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Wanaoamini jina huamini pia kwamba kutengeneza gitaa ni siri ya watu wa mbali. Siri hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817; hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Kwa milimita 648 utapata 36.4. Kilichobaki kigawanye tena kwa namba ile ile upate freti ya pili, na uendelee hivyo. Ya 12 itakuangukia katikati kabisa, milimita 324. Hapo hakuna kubembeleza: ukikosea milimita moja karibu na freti ya 12, sikio lililozoea litaisikia kila siku ya maisha ya gitaa hilo. Hata mti uwe wa peponi hautalificha kosa hilo.

Shingo ndiyo inayotaka mti mzuri, na sababu yake haina uganga. Nyuzi sita za unene wa kawaida huivuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo tafuta ubao mkavu kabisa, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, usio na fundo, na utie chuma cha kuinyoosha ndani yake. Ubao uliokaushwa haraka na kufanyiwa kazi Dar es Salaam, kwenye unyevunyevu wa bahari, utapinda ukipelekwa Dodoma. Mimi huacha ubao wa shingo ukae juu ya kabati mwaka mzima kabla sijaugusa kwa msumeno. Mti kwangu ni suala la uimara, na katika uimara namheshimu.

Kisha pikapu. Ukiisogeza pikapu ile ile kutoka karibu na daraja hadi karibu na shingo, sauti hubadilika kutoka ukali wa kukata hadi unene wa kufunika. Hakuna badiliko la mti linaloweza kufanya nusu ya hilo. Ukiiinua au kuishusha kwa zamu moja ya bisibisi utasikia tofauti. Ukibadilisha nyuzi zilizoshika kutu utasikia tofauti kubwa zaidi, kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini nani atajivunia nyuzi mpya mbele ya wenzake? Nyuzi hazina nembo inayoonekana kutoka jukwaani.

Wazee wa dansi waliyajua haya bila kusoma fizikia. Katika enzi za bendi za mashirika, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, magitaa na amplifaya vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama aliliacha gitaa kwenye stoo. Basi wapenzi wa muziki walimtambuaje huko alikohamia? Kwa sababu mlio ulimfuata. Gitaa lilibaki, likashikwa na mwingine, likatoa sauti nyingine. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na mpaka leo wimbo wake ukianza redioni watu hulitambua gitaa lake kabla hajaimba. Sijamsikia hata mmoja akiuliza lilichongwa kwa mti gani. Na kabla ya kushika magitaa ya kweli, ni wapigaji wangapi wa nchi hii walianzia kwenye gitaa la galoni, lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli? Walijifunza humo. Wangesubiri jina, tusingekuwa na zilipendwa za kuzipenda.

Lakini kuna upande mzito zaidi, ambao wapiga magitaa hawapendi kuuzungumza. Imani ya mti inakata miti. Mwaka 2012 kampuni ya Gibson ilikubali kulipa faini ya dola 300,000 katika shauri la serikali ya Marekani lililohusu miti ya abunusi kutoka Madagaska, kisiwa jirani yetu. Mwezi wa Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni ndugu mmojawapo, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilikuja kulegezewa masharti mwezi wa Novemba 2019. Katika kipindi hicho kampuni ya Fender ilibadilisha mti wa ubao wa freti kwa magitaa yake mengi yanayotengenezwa Meksiko. Je, muziki ulikoma? Magitaa yaliendelea kulia kama kawaida.

Mpingo huchukua miongo saba au zaidi kukomaa. Kuukata kwa ajili ya zumari za Ulaya, ambako ugumu wake una kazi ya kweli, kunaweza kujadiliwa. Lakini kuwafanya watu waamini kwamba kipande cha gitaa la umeme lazima kitoke kwenye mti adimu, ilhali paina ya Sao Hill na mabaki ya mtiki yanatosha, ni kufuja. Anayelipia uongo huo hulipa mara mbili: mara moja kwa fedha yake, mara ya pili kwa kivuli cha wajukuu wake.

Nenda Keko, hapo hapo Dar es Salaam, uone vijana wanavyochonga miguu ya meza na vitanda vya nakshi kwa mkono. Mtu anayeweza kuunganisha droo isiyocheza anaweza kuunganisha shingo ya gitaa. Anachokikosa ni mteja anayemwamini, na mteja hamwamini kwa sababu ameambiwa kwamba sauti huzaliwa Marekani. Hiyo ndiyo kasumba yenyewe. Tutaagiza vigingi, freti, nyuzi na sumaku, sioni aibu. Hakuna fundi duniani anayefanya kila kitu mwenyewe. Lakini ubao, hesabu, mkono na subira tunavyo hapa.

Basi kijana unayesubiri, acha kusubiri. Chukua gitaa lolote lenye shingo iliyonyooka. Lipeleke kwa fundi alisawazishe, au ulisawazishe mwenyewe kwa tupa na msasa. Livalishe nyuzi mpya, lityuni, upige saa mbili kila siku. Ukiwa na hamu ya zaidi, tafuta ubao mkavu na ujenge la kwako. Utajifunza kuhusu sauti katika miezi mitatu kuliko katika miaka kumi ya kutazama picha za magitaa ya wengine. Na mwenye gitaa la jina kubwa asinichukie, sijamwambia alitupe. Na alipige, alifurahie. Ila asimwambie mwenzake kwamba bila hilo hakuna muziki. Akishikilia kusema hivyo, kiti kipo, sarafu ipo, na majaribio ni kumi tu. Ageuze mgongo, atuambie ni lipi.